Hesabu za Nyumbani

Zimezidi katika mitaa yetu ya Msasani, na hasa upande wa Masaki wanakokaa wageni wengi, jamaa zinazowasomesha watoto wao nyumbani, ama kwa sababu baba huhamishwa kikazi kila baada ya muda, ama kwa kuwa mtoto hakupatana na shule. Na katika masomo yote, linalowatia wazazi hao tashwishi kuliko mengine ni hesabu. Tuagize vitabu vya Singapore, huulizana, au vya Cambridge, au vya Marekani? Ni nadra kumsikia mtu akivitaja vya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ofisi zake zipo hapo Mikocheni, mwendo mfupi tu kutoka kwetu.

Sheria nayo isisahauliwe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humlazimu mzazi kumwandikisha shule mtoto aliyetimiza miaka 7 na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Kwa hiyo wengi wetu tunaojiita walimu wa nyumbani, kwa hakika ni walimu wa jioni na wa likizo. Si haba.

Rai yangu ni kwamba jina la mtaala, liwe na haiba namna gani, si hoja. Hoja ni iwapo mzazi atakayeketi na mwanawe mkekani ataweza, pale mtoto atakapokosea, kumweleza sababu ya kila hatua kwa lugha ambayo mtoto huyo hufikiria kwayo. Chukua magazijuto, ambayo aghalabu kila aliyepita shule ya msingi hapa nchini ameihifadhi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe mtoto 10 − 3 + 2. Akiifuata kama kasuku atajumlisha kwanza 3 na 2, atoe 5 katika 10, aandike 5, hali jibu sahihi ni 9, kwani kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia. Wala mtu asidhani kitabu cha ng'ambo kimesalimika: Wamarekani wana kifupisho chao kinachotaja kuzidisha kabla ya kugawanya, na mwanafunzi wao akipewa 24 ÷ 4 × 2 huweza kuandika 3 mahali pa 12. Basi anayetaka kununua kitabu na afungue ukurasa wa kanuni hiyo. Akikuta kanuni na rundo la mazoezi pasipo neno la kueleza kwa nini, akirudishe rafuni, kiwe kimechapwa London au Dar es Salaam.

Vitabu vya Singapore vimestahiki sifa, maana humtaka mtoto ashike vitu kwa mikono, kisha achore, ndipo aandike tarakimu. Lakini hilo halingoji meli. Wazee wa mwambao walipima nafaka kwa vibaba viwili kuwa kisaga, na visaga viwili kuwa pishi. Mama mwenye kikombe, sufuria na mchele wake humfundisha mtoto robo na nusu kwa kumwachia amimine mwenyewe, achore mstari wenye visehemu vinne, halafu ndiyo aandike ¼.

Tena sisi Afrika Mashariki tumeshaonja hesabu za kuletewa. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe wakaanza kutunga vitabu vya hisabati mpya, vyenye habari za seti tangu madarasa ya chini. Wazazi wakashindwa kuwasaidia watoto wao, walimu wengi nao wakafundisha wasichokielewa, hata Kenya ikaipiga marufuku mwaka 1981.

Atakuwapo wa kunijibu kwamba mwaka 2023 takriban robo tu ya watahiniwa wa kidato cha nne ndio waliofaulu Hisabati, basi vya kwetu vina faida gani? Nami humkumbusha kwamba wengi wa watoto hao walijifunza hesabu kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza wakakuta zote zimegeuka Kiingereza. Anayekusudia mwanawe afanye mitihani ya Cambridge na ashike njia hiyo tangu mwanzo. Wengine waanzie Mikocheni: vitabu vya taasisi husomwa bure katika maktaba yake ya mtandaoni, na anayevinunua mitaani atazame toleo, kwani mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, asije akauziwa vya mtaala uliopita.