Sauti Chini ya Miguu

Wako wasemao kwamba sanaa ya hadhara sharti ionekane kwa macho: sanamu katikati ya mzunguko wa barabara, au mnara wenye jina la aliyeuzindua. Dodoma, iliyoteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kufanywa jiji mwaka 2018, imo katika hatari ya kujengwa kwa imani hiyo. Ni imani fupi. Hulihesabu jicho kuwa raia, na sikio kuwa mpita njia.

Mwaka 1977 Max Neuhaus, Mmarekani aliyekuwa mpiga ngoma kabla ya kuiacha kazi hiyo, aliweka mitambo ndani ya tundu la hewa la reli ipitayo chini ya ardhi, Times Square, mjini New York. Kutoka chini ya wavu wa chuma ukanyagwao na maelfu ilipanda sauti nzito, ndefu, isiyo na wimbo, mfano wa mvumo wa kengele iliyokwisha gongwa. Hakuweka kibao. Aliyeisikia aliivumbua mwenyewe. Asiyeisikia hakudaiwa kitu. Ilinyamaza mwaka 1992, ikarudishwa mwaka 2002.

Mkonze, pembezoni mwa Dodoma, haina reli ya chini ya ardhi. Ina mitaro na makalvati. Mvua za uwanda wa kati hunyesha aghalabu kati ya Desemba na Aprili. Muda uliobaki mashimo hayo, ambayo umma umekwisha kuyalipia, hukaa makavu na matupu. Kalvati ni kibuyu cha zeze kilichofukiwa. Na Ugogo, nchi ya Hukwe Zawose aliyelipeleka zeze ughaibuni kabla ya kufariki mwaka 2003, hauhitaji kufundishwa kazi ya kibuyu.

Hujibiwa kwamba watu wa Mkonze wanataka maji, si mivumo. Hoja hii haifai kuchekwa. Jiji linalotegemea visima vya Mzakwe lajua thamani ya ndoo. Lakini mbona hoja hiyo hulala usingizi sanamu inapolipiwa, ikaamka sauti inapotajwa? Tena mtaro husahauliwa kwa sababu umefichwa. Hujazwa takataka mwezi wa Agosti, na Januari maji huingia nyumbani mwa watu. Ainamaye kusikiliza mtaro ataona pia kilichouziba.

Adui mkubwa zaidi ni yule atakayeipenda fikira hii kupita kiasi, akatia chini ya barabara vipaza sauti vya muziki wa Kigogo, na juu yake bango la kampuni. Hilo ni tangazo la biashara lililovaa mgolole. Sauti iwe ya chini kuliko mazungumzo ya wapitao, isimnyime mtu usingizi, isiwe na jina la mtu. Na mawingu ya Novemba yakianza kukusanyika, mitambo itolewe, mtaro usafishwe, urudishiwe maji yake.