Sheria Isiishie kwa Dereva

Wilaya yetu ya Kilosa imekaa kati ya njia kuu mbili. Pale Dumila hupita barabara ya Dodoma. Pale Mikumi hupita barabara ya Iringa, iendayo mpaka Zambia. Malori na mabasi hupita mlangoni petu mchana na usiku, na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Kwa hiyo sheria ya barabarani si jambo la watu wa mjini peke yao. Ni jambo la mtoto aendaye shule na mama atokaye shamba.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hutenga uzembe na uendeshaji wa hatari. Auaye mtu kwa uendeshaji wa hatari aweza kufungwa na kunyang'anywa leseni. Makosa mengine huandikiwa faini na askari, na ile ya pikipiki ilipunguzwa mwaka 2021.

Sasa tupige hesabu. Faini ya gari haifiki nauli ya abiria mmoja kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya. Faini hiyo ikilipwa na tajiri, kwake ni kama bei ya dizeli. Ikikatwa katika mshahara wa dereva, tajiri hajaguswa kabisa. Kesho basi litaondoka kwa saa zile zile, na dereva yule yule atakimbizana na saa hizo.

Wananchi, mnapopita katika Hifadhi ya Mikumi mwaona vibao vya faini kwa atakayegonga mnyama. Kila mnyama ana bei yake, na kila dereva anaijua. Hatuna ugomvi na sheria hiyo. Twiga na tembo ni mali ya taifa. Bali twauliza: dereva yule akiisha kutoka hifadhini, mbona mguu wake hurudi kuwa mzito? Ni kwa sababu ndani ya hifadhi adhabu inajulikana na iko karibu, na nje adhabu iko mbali.

Na barabara haichagui cheo. Tarehe 12 Aprili 1984 ilimchukua Waziri Mkuu wetu, Edward Moringe Sokoine, pale Dakawa. Tarehe 18 Machi 2022, pale Melela, lori na basi viligongana na watu zaidi ya 20 wakafa. Kila mara twalia, twazika, twasahau.

Watasema wengine, "Dereva afungwe miaka mingi zaidi." Sisi twasema kifungo peke yake hakitoshi. Dereva mwenye kosa aadhibiwe, lakini dereva naye ni mfanyakazi. Aliyempangia saa zisizowezekana, aliyemnyima mapumziko, aliyelitoa gari lenye breki mbovu, huyo naye asimame mbele ya hakimu. LATRA inacho chombo cha kufuatilia mwendo wa mabasi. Basi likionekana kukimbia mara kwa mara, mwenye basi aulizwe, na leseni yake ya biashara isimamishwe. Kesi ya mtu aliyeuawa isikilizwe upesi, mashahidi wangali wakumbuka.

Nasi wanachama tusinyoshe kidole tu. Tumo ndani ya mabasi hayo, na mara nyingi ni sisi tunaomsifu dereva aliyewahi. Vijana wa bodaboda ni watoto wetu. Wengi hupanda barabarani bila leseni, nasi twanyamaza. Kila tawi, kuanzia Dumila hata Mikumi, lifanye mkutano juu ya jambo hili na kumwita askari wa barabarani aeleze sheria. Na abiria mmoja akisema, "Dereva, punguza mwendo," wenzake wasimwache peke yake.

Kuchelewa si kufa. Na aliye kaburini hana faini ya kumrudisha.