Waathiriwa wa mafuriko si wenye nyumba peke yao



Nina dukuduku kuhusu jinsi waathiriwa wa mafuriko wanavyohesabiwa katika mji wetu wa Malindi. Mimi ni nahodha wa mashua ya kioo, zile zinazowachukua wageni kwenda kutazama samaki na matumbawe katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa hapa mwaka 1968. Kazi hiyo nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20 na ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Katika mvua za vuli za mwaka 2023, zile za El Nino, Mto Sabaki ulifurika. Wenzetu wanaoishi na kulima kandokando ya mto walipoteza mashamba na wengine makao. Hao walistahili kusaidiwa mwanzo, na sina kinyongo nao hata kidogo. Lakini nilipopanga foleni kuandikisha jina langu, karani aliniuliza swali moja tu: "Mzee, maji yaliingia nyumbani kwako?" Nikamjibu kuwa hayakuingia. Akasema, "Basi wewe hukuathirika. Wapishe wenzako." Nikawapisha.

Ningependa kumweleza karani huyo, na wakuu wake, mafuriko yanatufikia kwa njia gani sisi wa ufukweni. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupita Ukambani, hukutana na Mto Tsavo ukaitwa Galana, na ukifika kwetu huitwa Sabaki. Mdomo wake uko kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Mvua ikiwa kubwa huko bara, udongo mwekundu wote uliokosa wa kuushika huteremka hadi baharini. Mvua za masika hazituumizi sana, kwa sababu wakati ule upepo ni wa kusi na tope husukumwa kuelekea Mambrui na mbele yake. Tena hoteli nyingi huwa zina wageni wachache. Balaa ni vuli. Mto unapojaa mwezi wa Novemba, kaskazi nayo inaanza, na tope lote huletwa katika ghuba yetu. Na kaskazi ndiyo msimu wa wageni. Yaani mwezi tunaoungojea mwaka mzima ndio huo huo bahari inapogeuka rangi ya matofali.

Mashua ya kioo katika maji ya namna hiyo haina maana. Ukiinama kutazama chini unaona kama chai ya maziwa. Mgeni mmoja Mtaliano aliniuliza kama ni maji ya vyoo. Nikamwambia hapana, ni shamba la mtu. Hakunielewa, akacheka, akarudi kwenye kidimbwi cha kuogelea cha hoteli yake. Tangu Novemba hadi mwaka mpya sikupata safari hata 10, na mafuta ya mashine nilikuwa nikikopa.

Nahodha akikosa safari, hakosi peke yake. Kijana wangu wa kutupa nanga hapati kitu. Mwuza madafu anakaa na mkokoteni wake hadi jioni. Mchonga vinyago anapangusa vumbi vile vile alivyovipangusa jana. Mama anayetuuzia mahamri na mbaazi asubuhi alianza kupika nusu ya kawaida, halafu akaacha kabisa kutukopesha, na sikuweza kumlaumu. Hoteli moja iliwaambia vibarua wake wakae nyumbani mpaka waitwe. Mwezi wa Januari shule zilifunguliwa, na wazazi wengi wa ufukweni walikwenda kumwona mwalimu mkuu mikono mitupu. Hakuna hata mmoja wao aliyeingiliwa na maji nyumbani.

Lazima niseme ukweli kuwa si wote wanaokula hasara. Wavuvi wa kamba katika Ghuba ya Ungwana huyapenda maji ya mto, na mkulima aliyepoteza mahindi yake hubakiwa na udongo mzuri wa kupanda mchicha maji yakishuka. Sisi wa matumbawe ndio hatuna la kuvuna katika tope. Matumbawe yenyewe yanahitaji mwanga ili yaishi.

Wapo wanaosema tuwalaumu Wakamba kwa kuachia udongo wao. Mimi sikubaliani nao. Ukambani ndiko yalikochimbwa kwa wingi yale matuta yanayoitwa fanya juu, ambayo wataalamu wa nchi nyingine wanayajua kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Watu wale wameshika jembe kwa miaka mingi kuuzuia udongo ambao ukiwaponyoka unafunika ufuko wetu. Anayestahili kuulizwa ni yule anayepanga fedha. Kwa nini fedha za matuta na miti huko juu zihesabiwe kuwa ni mambo ya kilimo tu, na fedha za utalii ziishie kwenye matangazo na kupaka rangi? Tuta moja Machakos linaisaidia Malindi kuliko picha 100 za ufuko mweupe, maana mgeni aliyeona picha hizo akaja akakuta maji mekundu hatarudi tena, na atawaambia na jirani zake.

Kwa hiyo naiomba serikali kuu na serikali yetu ya kaunti, mvua kubwa zikija tena, karani asiulize habari za nyumba peke yake. Aulize pia: kazi yako imesimama siku ngapi? Hatuombi kugawiwa sawa na aliyebomokewa. Tunaomba angalau unga na muda wa kulipa leseni za mashua mpaka bahari isafike, kwa sababu leseni yangu ya msimu ule niliilipa kamili kwa mashua iliyokuwa imelala mchangani.

Na asiseme kwamba hatujulikani tulipo. Chama chetu kina daftari lenye majina ya manahodha na namba za mashua zote. Karani akilitaka, namkaribisha ufukweni asubuhi yoyote kabla maji hayajajaa.

Nahodha wa Mashua,
Malindi.