HOMA HAITIBIWI LANGONI

Katika miaka ya janga la UVIKO-19 ilizuka Afrika Mashariki desturi ambayo mpaka leo haijahojiwa kama inavyostahili. Mwananchi alipofika kwenye lango la benki, hoteli, ofisi, chuo au ukumbi wa mikutano, alisimamishwa na mlinzi, akaelekezewa kwenye paji la uso kipimajoto chenye umbo la bastola, namba ikasomwa, akaambiwa apite. Desturi hiyo ilianzia viwanja vya ndege, ikaingia Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam, kisha ikafuata barabara kuu hadi kwenye miji midogo. Ilitekelezwa kwa uso mkavu wa kazi, na wananchi waliitii kwa adabu kubwa, kama watu wanavyotii jambo wasilolielewa lakini linaloonekana kuwa la kitaalamu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba ugonjwa huo si dharura ya kimataifa tena, na vipimajoto vingi vimekwisha kutiwa kabatini. Fikra iliyovileta haikutiwa kabatini. Mwaka 2023, na tena Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipoukumba Mkoa wa Kagera, upimaji wa joto kwa wasafiri ulirudi mara moja, na hapana shaka utarudi kila litakapozuka gonjwa jipya. Kwa hiyo maswali mawili yaliyokwepwa mwaka 2020 bado yanadai majibu. Kipimajoto cha langoni kilimlinda nani? Na yule aliyekutwa na homa, alifanyiwa nini?

Maswali haya hayafai kuulizwa kwenye milango ya vioo ya Dar es Salaam. Yaulizwe Magoma.

Magoma imo katika Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, kwenye bonde la Mto Lwengera, baina ya milima ya Usambara ya magharibi na ile ya mashariki. Ni nchi ya mkonge na mahindi; nchi ya joto na maji, na kwa sababu hiyo ni nchi ya mbu. Huko homa si habari. Mama wa Kisambaa hahitaji bastola ya mlinzi ili ajue kwamba mwanawe anachemka. Kiganja chake kinamtosha. Anachokihitaji ni kitu ambacho kiganja hakiwezi kumpa, yaani kujua homa ile ni ya nini, na kupata dawa yake kabla ya usiku kuingia.

Tena yafaa ikumbukwe kwamba dunia nzima imekwenda kujifunza habari za homa kwa watoto wa wilaya hiyo. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, ambako chanjo ya kwanza ya malaria ilifanyiwa majaribio ya mwisho kati ya mwaka 2009 na 2014. Walioshiriki walizidi watoto 15,000. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo hiyo itumike, tarehe 6 Oktoba 2021, sehemu ya ushahidi ilikuwa imetoka katika damu ya watoto wa wakulima wa Korogwe. Watu wa namna hiyo si wa kufundishwa na mlinzi wa lango kwamba homa ni hatari.

Basi na lifikiriwe lango moja limewekwa Magoma mwezi Juni 2020. Mwezi huo vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1, na shule nyingine tarehe 29, baada ya kufungwa tangu Machi. Ni majira yanayofuata masika, wakati madimbwi yamekwisha kuzaa mbu na malaria ina nguvu mabondeni. Anafika mkulima aliyepanda baiskeli juani kutoka shambani. Paji lake limepata moto wa jua, namba inapanda, anazuiwa. Anafika mwingine ambaye ni mgonjwa kweli, lakini jasho na upepo wa pikipiki vimempoza uso. Namba inashuka, anapita. Anafika kijana mwenye malaria, anazuiwa. Anafika mfanyabiashara aliyetoka mjini jana, amebeba virusi vya korona kooni wala hajaanza kuumwa. Huyo anapokewa kwa heshima, anaketi katikati ya watu, na madirisha yamefungwa. Mwisho linafika gari lenye vioo vyeusi. Mlinzi anapiga saluti, na bastola inabaki mfukoni.

Huo si mzaha. Kila aliyesimama kwenye malango yale kwa nusu saa aliyaona hayo, na hasa hilo la mwisho. Kirusi hakijui cheo, lakini mlinzi anakijua vizuri, maana mshahara wake unatoka kwa wenye vyeo.

Wapo watakaosema kwamba hizo ni dosari za utekelezaji tu na kwamba chombo chenyewe ni chema. Ukweli unakataa. Kirusi cha korona huambukiza kwa nguvu siku moja au mbili kabla mwenye nacho hajajisikia vibaya, na wengi waliokibeba hawakupata homa hata siku moja. Mwanzoni mwa mwaka 2020, kati ya wagonjwa 5,700 waliolazwa katika hospitali za eneo la New York, wenye homa wakati wa kupokelewa hawakufika theluthi moja. Hao ni watu waliougua hata wakalazwa! Ikiwa kipimajoto kiliwakosa wengi waliokuwa kitandani, kingewanasaje wanaotembea kwa miguu yao sokoni?

Marekani ilijaribu jambo hilo kwa fedha nyingi na watumishi wengi. Kuanzia Januari hadi katikati ya Septemba 2020, wasafiri 766,044 walikaguliwa katika viwanja vyake vya ndege, kwa kupimwa joto na kuulizwa dalili. Waliogunduliwa kuwa na korona kwa njia hiyo walikuwa 9. Ndipo serikali yake ilipouacha mpango huo. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa dunia kupata somo hilo, kwani Kanada iliwakagua mamilioni ya abiria wakati wa ugonjwa wa SARS mwaka 2003, na hakupatikana hata mgonjwa mmoja.

Lakini kuna mfano wa nyumbani ambao ulitosha kuifumbua nchi macho tangu siku ya kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania, tarehe 16 Machi 2020, alikuwa msafiri aliyeingia kwa ndege siku moja kabla, akitokea Ubelgiji. Alikaguliwa katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na hakuonekana kuwa na homa. Baadaye, akiwa hotelini Arusha, alijisikia vibaya akaenda mwenyewe Hospitali ya Mount Meru, ambako alichukuliwa sampuli iliyopelekwa maabara ya Taifa. Lango halikumwona. Aliyemwona ni mganga, tena kwa sababu mgonjwa alikuwa na mahali pa kwenda na hakuogopa kwenda. Somo lote la janga lile lilikuwa katika tukio hilo moja. Nchi ikalisikia asubuhi, na jioni ikaenda kununua bastola nyingine za joto.

Kwa nini basi desturi hiyo ilishika mizizi? Ilishika kwa sababu inaonekana. Bomba la maji linapowekwa shuleni, linasahaulika baada ya wiki moja. Madirisha yanapofunguliwa ukumbini, hakuna anayepiga picha. Kipimajoto mkononi mwa mlinzi kinamwambia kila anayeingia kwamba uongozi wa mahali hapo uko macho, na kwa bei ya kidude kimoja meneja anajipatia cheti cha uwajibikaji. Huu ndio urasimu katika umbo lake la hatari kuliko yote, yaani ule unaojifanya kuwa ni utendaji. Ushahidi wake ni huu. Hesabu ya mwisho ya wagonjwa wa Tanzania Bara ilitangazwa tarehe 29 Aprili 2020. Zanzibar ikaongeza wagonjwa wake mwanzoni mwa Mei, na jumla ya 509 ikasimama papo hapo kwa zaidi ya mwaka mzima. Katika muda huo wote ambao Taifa halikuhesabu wagonjwa wake hadharani, malango yaliendelea kuhesabu nyuzi za joto za wapita njia. Namba zile hazikuandikwa, hazikupelekwa popote, wala hazikumfundisha mganga yeyote kitu. Zilisomwa zikafutika.

Wapo pia wasemao kwamba kidogo ni bora kuliko bure. Hoja hii ndiyo inayopendwa zaidi, nayo ndiyo dhaifu zaidi. Kipimo kinachodanganya si kidogo, ni hasara. Aliyepitishwa langoni hujiona ametakaswa, akavua barakoa na kumkumbatia jirani. Na aliyezuiwa hupata hasara iliyo kubwa zaidi, ambayo haikutajwa kabisa katika mijadala ya mijini. Mlinzi alimwambia nini? Alimwambia, "Mzee, joto lako limezidi, rudi nyumbani ukapumzike." Maneno ya upole, na kwa mtu wa Magoma yanaweza kuwa hukumu. Homa ya malaria haisubiri mtu apumzike. Mtoto mwenye malaria kali aweza kuwa na hali njema asubuhi na kuzimia jioni. Kumrudisha nyumbani mwenye homa katika bonde la Lwengera, bila kumpima kidole na bila kumpa dawa mseto, ni kumtenda vibaya kuliko kutompima kabisa, maana sasa anakwenda akiwa na hofu ya kuitwa mwenye korona, na hofu hiyo itamzuia hata kufika kwenye zahanati.

Nchi hii imekwisha kuona madhara ya kuipa homa jina kabla ya kuichunguza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, waliokutwa na vimelea vya malaria hawakufika nusu. Wengine walikuwa na maradhi mengine, na wapo waliokufa nayo bila kupewa dawa iliyofaa. Ilihitajika miaka ya kazi ngumu, na kipimo cha haraka cha malaria kufikishwa hadi vijijini, ili waganga waache mazoea ya kusema kwamba kila homa ni malaria. Mwaka 2019 homa ya dengi ikaongezeka juu ya hayo, na Tanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika. Baada ya mafunzo yote hayo, mwaka 2020 mlinzi asiye na mafunzo alipewa bastola na ruhusa ya kusema kwamba kila homa ni korona.

Tofauti ya mambo haya na kazi halisi ya afya ya umma inaonekana wazi ikilinganishwa na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Katika kampeni ile wananchi wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana kuhusu malaria, kuhara na kichocho, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Haikuwa kampeni isiyo na kasoro. Lakini ilimchukulia mwananchi kuwa mtu mwenye akili, anayeweza kuelezwa sababu na kuchukua hatua. Lango la mwaka 2020 lilimchukulia kuwa mzigo unaopimwa forodhani.

Haki itendeke hata kwa kipimajoto. Ni chombo chema mikononi mwa muuguzi. Katika maradhi kama Ebola na Marburg, ambamo mtu kwa kawaida haambukizi kabla ya kuanza kuumwa, kumpima joto msafiri anayetoka eneo lenye mlipuko kuna maana zaidi kuliko ilivyokuwa kwa korona, ingawa hata huko aliye katika siku za kuatamia ugonjwa hupita bila kugundulika. Mwaka 2014 msafiri mmoja alipimwa Monrovia akaonekana hana homa, akafika Dallas, akaugua Ebola huko. Isitoshe, hospitali ya Dallas aliyokwenda mara ya kwanza akiwa na homa ilimrudisha nyumbani. Lango lilishindwa kwa sababu ya maumbile ya ugonjwa. Hospitali ilishindwa kwa sababu mtu mwenye homa hakuchunguzwa ipasavyo. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo linalozuilika.

Linalodaiwa, kwa hiyo, ni wajibu. Anayempima mtu homa anaingia naye katika deni. Akimkuta na joto, hana ruhusa ya kumwambia arudi nyumbani. Ana wajibu wa kumketisha kivulini, kumpa maji na barakoa, na kuhakikisha anafikishwa kwa mganga siku hiyo hiyo, apimwe malaria na apimwe ugonjwa uliozuka. Ofisi, chuo au hoteli isiyoweza kutimiza hayo isiruhusiwe kuweka kipimajoto langoni. Ifungue madirisha, iweke maji na sabuni, na imlipe mshahara mfanyakazi wake anayekaa nyumbani kwa kuumwa ili asilazimike kumeza vidonge vya Panadol na kuja kazini akiwa na uso wa baridi.

Masharti hayo yanapaswa kuandikwa katika miongozo ya magonjwa ya mlipuko sasa, wakati hakuna hofu, na Halmashauri za Wilaya zipewe mamlaka ya kuyasimamia. Fedha zitakazotengwa kwa vipimajoto vya malango katika mlipuko ujao zianze kwa kuuliza zahanati za bondeni zina vipimo vingapi vya malaria, na dawa mseto za siku ngapi.