Tuwafundishe Watoto Kiswahili cha Maabara Pia



Wengi wenu mnanifahamu. Ni mimi mwalimu wa darasa la kati hapa Louisville, yule anayefika Jumamosi asubuhi na kikombe cha chai mkononi kwa sababu ametoka zamu ya usiku. Kazi yangu ni unesi. Nilimaliza kidato cha nne Tanzania, nikaja huku, nikasomea uuguzi wa ngazi ya chini. Mwaka huu, nikiwa nimeshavuka arobaini, nimerudi chuoni ili nipande ngazi. Somo nililolikuta limekaa mlangoni ni mikrobiolojia, yaani elimu ya vijidudu. Mihadhara ni Jumatatu na Jumatano jioni, maabara ni Alhamisi, saa tatu mfululizo.

Somo hilo limenifundisha jambo ambalo sikulitegemea, na ndilo nataka kulisema leo. Shule yetu inawafundisha watoto salamu, methali, majina ya wanyama na vyakula. Hayo ni mazuri na yaendelee. Lakini tunawaacha bila Kiswahili cha mwili, cha ugonjwa na cha dawa, na pengo hilo linatuumiza majumbani.

Nianze na kilichotokea mwaka jana. Bibi mmoja wa jamii yetu alikuwa anasikia mkojo unachoma, ule ugonjwa ambao Watanzania wengi huuita yutiai. Alikwenda kliniki akapewa antibayotiki za siku saba. Nyumbani alimwomba mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja amsomee maandishi ya kwenye chupa. Mtoto akasoma, akafikiri, akasema: "Bibi, hii dawa inaua wadudu."

Bibi alichukia. Yeye ana wadudu? Kama kunguni? Alikunywa kwa shingo upande, na siku ya tatu maumivu yalipoisha akaacha. Vidonge vilivyobaki akaviweka kabatini, mjukuu mwingine akipata mafua apewe. Wiki mbili baadaye homa ilimpanda, ugonjwa ukawa umefika kwenye figo, akalazwa siku nne. Nilikwenda kumwona. Mjukuu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, hasemi. Aliniuliza polepole kama ni yeye aliyemfanya bibi augue.

Nilimwambia hapana, na nasema tena hapa kwa maandishi. Mtoto yule hakukosea. Alitumia neno alilokuwa nalo. Sisi walimu ndio hatukumpa neno jingine. Angekuwa na neno "bakteria", akaweza kusema kwamba ni viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, kwamba wanaweza kumwingia mtu yeyote hata awe msafi namna gani, kwamba dawa hii inawaua bakteria lakini haiviui virusi vya mafua, na kwamba ukiiacha kabla ya siku alizosema daktari waliobaki wanaweza kuzaana tena, bibi angesikiliza. Bibi si mjinga. Alifanya uamuzi wa busara kwa habari aliyopewa, na habari yenyewe ilikuwa na neno moja bovu.

Jambo hili si la bibi mmoja. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, wale ambao dawa hazikuweza kuwaua. Kila kidonge cha antibayotiki kinachomezwa kwa ajili ya mafua huwapa bakteria nafasi ya kujizoeza. Hayo yako katika mhadhara wa chuo changu. Yanapaswa yawe jikoni kwetu pia, kwa lugha ya jikoni kwetu.

Sasa najua mtakayosema, maana nimeshaambiwa. Mzazi mmoja wa Columbus aliniambia kwa simu: "Mwalimu, mtihani wa chuo hautakuja kwa Kiswahili. Usiwapotezee watoto muda." Na mwalimu mwenzangu wa Buffalo alicheka: "Dada, watoto bado wanasema 'kitabu yangu', wewe unawaletea bakteria?"

Mzazi wa Columbus nampa haki yake. Mtihani hautakuja kwa Kiswahili, na mtoto anayetaka udaktari au ufamasia lazima ayajue majina ya Kiingereza na ya Kilatini kama yalivyo. Lakini nimwambie jinsi mimi mwenyewe nilivyofaulu. Katika maabara ya tatu tulifundishwa kupaka rangi ya Gram, njia aliyoitoa Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884. Unapaka bakteria kwenye slaidi, unaikausha, unamwagia rangi ya zambarau, halafu ayodini, halafu unaosha kwa alkoholi, mwisho unamwagia rangi nyekundu. Ukitazama kwa hadubini, bakteria wa kundi moja ni zambarau na wa kundi la pili ni waridi. Mimi niliacha alkoholi ikae mno. Bakteria wangu wote wakawa waridi, hata wale waliotakiwa wawe zambarau, nikaandika jibu la uongo bila kujua.

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Nikiwa naosha vyombo nilianza kujieleza kwa sauti, kwa Kiswahili. Bakteria wa kundi la kwanza wana ukuta mnene. Ukuta mnene hunywa rangi na kuishika, kama blanketi zito lililoloa. Bakteria wa kundi la pili wana ukuta mwembamba, na nje yake utando wa mafuta. Alkoholi huyeyusha mafuta, rangi hutoka, ndipo nyekundu huingia mahali pake. Lakini ukiosha mno, hata blanketi zito litachuja. Nilisimama na sufuria mkononi. Nilikuwa nimesikia maneno hayo kwa Kiingereza mara tatu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyaelewa. Ukuta huo ndio penisilini huuharibu, na ndiyo sababu daktari hutaka kujua ni bakteria wa kundi gani kabla ya kuchagua dawa.

Sisemi Kiswahili peke yake ndicho kilichonifaulisha. Nilisoma sana, na kijana mmoja wa miaka kumi na tisa ninayekaa naye meza moja alinisaidia mno. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye lugha mbili ana milango miwili ya kuingilia katika jambo gumu. Mmoja ukikwama, anazunguka. Watoto wetu tunawajengea mlango wa pili kisha tunaufunga wakifika kwenye sayansi.

Kwa mwalimu wa Buffalo jibu langu ni fupi. Neno "kirusi" litafundisha ngeli kuliko kitabu. Kirusi kimoja kimeingia, virusi viwili vimeingia. Neno lilitoka nje likiwa "virusi", Waswahili wakaliona linafanana na viti na vikombe, wakaliundia umoja wake. Mtoto aliyesikia habari ya virusi tangu wakati wa korona atalishika kwa siku moja. Na tusigombane kuhusu neno lipi ni sahihi. Wazazi wetu wa Bukavu na Uvira husema mikrobe, Watanzania husema vijidudu, Wakenya wengi husema viini. Watoto wayajue yote, maana bibi wa rafiki yao naye atahitaji kusomewa chupa.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya watoto. Jumatano moja mhadhiri alionyesha orodha ya virusi vinavyoletwa na mbu. Alifika kwenye neno "chikungunya", akalitamka kwa shida, akauliza kama kuna anayejua limetoka wapi. Darasa kimya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde. Tangu muhula uanze sikuwa nimeinua mkono hata mara moja, kwa kuogopa matamshi yangu. Siku hiyo niliuinua. Nilisema ni Kimakonde, lugha ya kusini mwa Tanzania, na kwamba neno lina maana ya kujikunja, kwa sababu viungo vinauma hadi mtu hawezi kusimama wima. Ugonjwa huo ulitambuliwa katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 huko huko Umakondeni, nao wagonjwa ndio walioupa jina.

Baada ya hapo nilikwenda kutafuta zaidi. Zika ni msitu karibu na Entebbe, Uganda, ambako kirusi hicho kilipatikana mwaka 1947. O'nyong'nyong, ugonjwa ulioenea tangu mwaka 1959, una jina la Kiacholi. Watoto wetu wanapofungua kitabu cha mikrobiolojia, majina ya kwao yamo ndani, lakini kama majina ya magonjwa tu. Nataka wajue kwamba watu wa kwao wamo pia kama wanasayansi. Mwaka 1976 daktari Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa Yambuku kuchunguza ugonjwa usiojulikana. Alitoa damu ya wagonjwa bila glovu, ikamchafua mikono, akanawa kwa maji na sabuni. Ugonjwa ule ulikuwa Ebola. Alinusurika, akaufanyia kazi maisha yake yote, na dawa mojawapo ya Ebola iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 ilianzia kwenye damu ya mtu aliyepona katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995.

Familia nyingi za shule yetu zina ndugu Beni, Butembo na Goma. Mnakumbuka mlipuko wa 2018 hadi 2020. Ulikufisha watu zaidi ya 2,200 upande wa Kivu na Ituri, ingawa safari hii chanjo ilikuwepo. Mnakumbuka pia uvumi, hofu, na wahudumu wa afya waliopigwa. Watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepitia vita, na walioletwa kuwaeleza hawakuwa watu waliowaamini. Mtu huamini anayemfahamu, anayezungumza kama yeye. Mtoto anayesoma darasani kwetu leo anaweza siku moja kuwa mtu huyo, awe Kivu au awe hapa hapa kwenye simu ya kikundi cha ukoo, pale shangazi anapotuma ujumbe kwamba chanjo fulani ni sumu. Lakini hawezi kumjibu shangazi kwa Kiingereza.

Niwatahadharishe jambo moja. Sisemi watoto wawe wakalimani hospitalini. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hapa Marekani zinatakiwa zikupe mkalimani bila malipo, na kanuni haziruhusu kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura. Ombeni mkalimani kila mara, hata mkiambiwa msubiri. Mimi nazungumza habari ya nyumbani, usiku, chupa ikiwa mezani na hakuna mkalimani.

Basi napendekeza mambo matatu.

La kwanza, kila Jumamosi, katika madarasa yetu yote, dakika kumi na tano ziwe za Kiswahili cha sayansi, maneno matatu tu kwa wiki. Muhula wa kwanza ungeweza kuwa na bakteria, kirusi, kuvu, kimelea, chanjo, kinga, maambukizi, usugu, hadubini, seli. Kila neno mtoto aende kulieleza kwa mtu mzima nyumbani, na mtu mzima atie sahihi kwenye daftari.

La pili, wazazi mliotoka na ujuzi, na najua miongoni mwenu kuna wakunga, wafamasia na walimu wa baiolojia ambao sasa mnafunga maboksi kwenye maghala, njooni mtusaidie. Mnajua maneno haya kuliko mimi.

La tatu ni kwa akina mama na akina baba wanaotaka kurudi shule. Msiseme umri umepita. Vyuo vya jumuiya viko katika miji yetu yote mitatu: Jefferson hapa Louisville, Columbus State huko Columbus, SUNY Erie upande wa Buffalo. Mtakaa na watoto wadogo, mtatamka vibaya, bakteria wenu watatoka waridi. Lakini mkumbuke kwamba hata ile agari tunayooteshea bakteria maabara ilitoka jikoni. Fanny Hesse ndiye aliyempa wazo mumewe mwaka 1881, kwa kuwa aliitumia kugandisha vyakula vitamu na aliona haiyeyuki kwenye joto. Inatokana na mwani, ingawa si aina ile wanayolima akina mama wa Zanzibar. Mtu aliyezoea kupika anajua mengi ambayo maabara inayahitaji.

Watoto, kazi yenu ya wiki hii ni hii. Chukueni vipande vitatu vya mkate na mifuko mitatu ya plastiki. Kipande kimoja mkishike kwa mikono mliyochezea nje. Cha pili mkishike baada ya kunawa kwa sabuni. Cha tatu mkiingize mfukoni kwa uma safi bila kukigusa. Mtie matone machache ya maji katika kila kimoja, mfunge, muandike alama, mkae nayo wiki mbili bila kufungua hata kidogo. Mkimaliza mtupe na mifuko yake. Halafu mje mniambie, kwa Kiswahili, mmeona nini na mnadhani ni kwa nini. Na yule mjukuu wa bibi ndiye nimemwomba aanze kueleza. Amekubali.