Kafyu ya WiFi haijawahi kulea mtoto

Video yangu iliyotazamwa zaidi ni ile ya dakika mbili ya kuonyesha wazazi jinsi ya kuzimia watoto WiFi kwa ruta. Mnaijua. Niko kwa keja, nimevaa hudi, naonyesha stika iliyo chini ya ruta, naandika zile nambari kwa brauza, halafu mwisho nasema "mtoto amelala." Wazazi walinipenda. Nilipata wafuasi wapya wengi sana wenye picha za waridi na za harusi za 1998. Leo nimekuja kuikana hiyo video, na kama wewe ni mmoja wa wale walioituma kwa grupu ya wazazi wa darasa, tafadhali soma hadi chini.

Kwanza tukubaliane ruta inafanya nini, juu watu wanaiongelea ni kama askari wa geti. Unaingia 192.168.1.1, ama 192.168.100.1 kwa zingine, unapata orodha ya simu zilizoshika WiFi. Kila simu ina anwani yake ya herufi na nambari kumi na mbili, inaitwa MAC. Unachagua ya mtoto, unaweka siku na saa, unahifadhi. Basi. Saa ikifika, ruta inaikataa ile anwani. Haijui simu ni ya nani, haijui anaongea na nani, haijui kama amelala ama analia. Inajua anwani na saa, imeisha.

Na hata hizo mbili haizijui vizuri. Tangu Android 10 na iOS 14, simu haionyeshi anwani yake ya ukweli, inajitungia nyingine. Mtoto akibonyeza mahali pamoja tu kwa mipangilio ya WiFi, simu inatokea kama mgeni, na ruta inamkaribisha ndani. Kuhusu saa, manze, hiyo ni aibu yangu mwenyewe. Mathe aliniambia nizime saa tatu usiku. Nikaandika 21:00 kama msomi. Kumbe ruta ilikuwa inasoma saa ya UTC, masaa matatu nyuma yetu, kwa hivyo wiki mbili nzima dadangu alikuwa anazimiwa saa sita usiku na kuwashiwa saa mbili asubuhi akiwa ameshafika shule. Hakusema kitu. Wewe ungesema?

Lakini hiyo ni ya kuchekesha. Inayofuata si ya kuchekesha, na nimemuuliza kama naweza kuiandika. Amesema niandike, nisiweke jina lake.

Dadangu ana miaka 14. Anatumia simu ya zamani ya mathe. Nilipomaliza kurekebisha saa, kafyu ikashika vizuri: Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu kamili, giza. Mathe alifurahi sana. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni, anarudi saa mbili usiku miguu imevimba, hana nguvu ya kugombana na mtu kuhusu simu. Ruta ikawa inamgombania. Mimi pia nilifurahi, juu nilikuwa na kitu cha kurekodi.

Miezi miwili baadaye nikaona mtoto amekuwa kimya. Si kimya cha utineja, kile cha kufunga mlango na kukunja uso. Kimya cha kushtuka simu ikilia. Jumapili moja tunaosha vyombo, akaniuliza kama mtu ukimbloku anaweza kujua unaishi wapi.

Form ilikuwa hivi. Kuna mtu alikutana naye kwa gumzo la gemu. Msee anasema ana miaka 16. Mara ya kwanza aliposema atatoka saa tatu juu WiFi inazimwa, huyo msee akamwambia pole sana, wazazi wako ni wakali, ngoja nikusaidie. Akamsambazia kredo ya bob hamsini, anunue data. Kesho yake tena. Kila usiku, saa tatu na dakika tano, hamsini inaingia. Baada ya wiki tatu akaomba picha. Baada ya picha ya kwanza ya kawaida akaomba nyingine isiyo ya kawaida. Alipokataa akaambiwa arudishe pesa zote, la sivyo mathe ataambiwa kila kitu alichokuwa anafanya usiku.

Soma hiyo tena polepole. Huyo mtu alimtishia kwa kafyu yetu. Silaha yake ilikuwa ile ratiba niliyoweka mimi. Bila kafyu angekuwa na nini cha kumwambia mathe? Kwamba mtoto alicheza gemu?

Na walikutana saa ngapi? Nilimuuliza. Saa moja na nusu jioni. WiFi ikiwa imewashwa, ndani ya masaa halali, kwa idhini ya ruta na familia nzima.

Nilimuuliza pia kwa nini hakuniambia mapema. Aliniangalia kama mimi ni mjinga. Akasema swali la kwanza lingekuwa "ulikuwa unafanya nini mtandaoni saa tano usiku?" Na ni kweli. Hilo ndilo swali mathe aliuliza tulipomwambia. Kabla ya "uko sawa?" Kabla ya "ni nani huyo?"

Najua maoni yatakayokuja, nayajibu hapa ndio tusisumbuane. Kuna yule wa "wewe uliyeacha chuo mwaka wa pili ndiye utatufunza malezi?" Niliacha juu ya karo. Nilikaa nje ya ukumbi wa mitihani nikiwa na salio ambalo hata mathe akiuza mwaka mzima hangelimaliza. Lakini kwa hadithi ya ukoo, TikTok ndiyo ilinitoa chuo, na hii kafyu ya dadangu, tukisema ukweli, ilikuwa yangu. Mathe alisema kabisa: "Sitaki mwingine." Mtoto wa miaka 14 anatumikia kifungo cha kakake, na kakake ndiye askari jela. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi kuliko maoni yenu yoyote.

Halafu kuna wa "watoto lazima walale." Nakubali. Sibishani na usingizi. 2020 shule zilipofungwa nilikuwa naona jua likichomoza nikiwa bado kwa simu, na nilikuwa mtu wa hovyo mwaka mzima. Mtoto alale, kabisa. Lakini kama shida ni usingizi, mbona tunazima simu moja? Kwetu saa tatu mtoto alizimiwa, mathe akaendelea na sirio yake mpaka saa tano, na mimi nikaendelea kupakia video mpaka saa nane. Mtoto si mpumbavu. Alielewa kwamba usiku mtandao una raha ambayo wakubwa wamejiwekea.

Na wa "serikali ingetusaidia." Korea Kusini walijaribu. 2011 walipitisha sheria: chini ya miaka 16, hakuna gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nchi nzima, yenye intaneti ya kasi kushinda yetu sote. Watoto wakaingia kwa nambari za vitambulisho vya wazazi wao, gemu zenyewe zikahamia kwa simu ambako sheria haikufika, na 2021 serikali ikatangaza inaiondoa. Hapa kwetu, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, Telegram iligoma wakati wa KCSE ati karatasi zisivujishwe. Wewe ulifanya nini? Uliwacha kutumia Telegram? Ulitafuta VPN kabla chai ipoe, na ukamfunza shangazi yako.

Sisemi muwape watoto simu mkaende zenu. Hapana. Nasema mzazi akishaweka ratiba kwa ruta anapumzika, na pale anapopumzika ndipo mtu mwingine anaingia na hamsini yake. Mimi niliuza hiyo pumziko kwa dakika mbili, na muziki nyuma.

Tulipiga 116, ile laini ya watoto, ni bure, wakatuelekeza. Kama uko na miaka 13 na unasoma hii saa tano usiku na data ya kusambaziwa, ipige. Hawatakuuliza kwa nini hujalala. Usifute ile mazungumzo kwanza, piga picha za skrini, uweke. Kama huwezi kuanza na mathe, anza na yule binamu ama jirani ambaye hapendi kelele.

Kwa ruta yetu nimefuta ratiba ya simu yake. Sasa WiFi yote inazimwa saa nne, ya kila mtu, na hiyo saa tulibishania mezani mpaka ugali ukapoa. Yeye alitaka saa tano, mathe tatu. Na mathe amekubali kitu kimoja kilichomgharimu sana: dadangu akileta shida ya mtandaoni, simu haichukuliwi siku hiyo. Hata kama ni yeye aliyekosea. Wiki jana alikuja na moja. Ilikuwa ndogo, msichana wa darasa lao ameanzisha akaunti ya kutukana walimu. Mathe aliuma ulimi, niliona kabisa akiuma ulimi.

Ile video siifuti, juu najua mtaitafuta kwa wengine. Nimebandika hii juu ya maoni yake. Wa kunitukana karibuni, lakini kwetu mtandao unaenda saa nne, nitawajibu asubuhi.