"Ni Majani Tu, Dada"

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya harusi ya bintiye, shoga yangu mmoja alianza kuamka usiku wa manane moyo ukimdunda kama ngoma ya mdundiko. Mdomo ulikuwa mkavu kutwa nzima, usingizi hauji, na njaa ilikuwa imemtoka kabisa. Sahani ya pilau ilipita mbele yake kama inapelekwa kwa jirani. Hilo la njaa ndilo lililomfurahisha. Kitambaa cha sare kilikuwa kimeshanunuliwa, fundi alikuwa amepewa vipimo vya matumaini badala ya vipimo vya mwili, na kilo sita zilikuwa zimeshaondoka. Usiku mmoja pumzi ikawa ya tabu, tukampakia kwenye gari mpaka hospitali. Daktari, kijana mpole, akamuuliza: "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana, daktari. Situmii dawa yoyote."

Hakudanganya. Nilimtazama usoni, nikaona anasema anachokiamini. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na kikopo cheupe cha vidonge alivyokuwa akimeza viwili kila asubuhi kabla ya chai, lakini kichwani mwake vile havikuwa dawa. Vilikuwa majani. Aliyemuuzia kwa simu ndivyo alivyomwambia: "Ni majani tu, dada. Ni ya asili, hayana madhara."

Mimi leo nagombana na sentensi hiyo. Utaisikia Kariakoo, utaisikia saluni na stendi ya mabasi, utaisoma chini ya picha za matumbo yaliyogawanywa "kabla" na "baada". Anayeiamini si mjinga wala si lazima awe hajasoma. Shoga yangu ana shahada mbili. Tumekubaliana tu, bila kukaa kikao, kwamba kiwanda ndicho kinacholeta sumu na shamba ndilo linaloleta uzima.

Mtu wa pwani angepaswa kuwa wa mwisho kukubali maneno hayo. Samaki aitwaye bunju ni wa asili, hajatiwa kemikali na mtu yeyote, na mvuvi anayemjua hamli wala hampi paka wake. Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, watoto wanane na mwanamke mmoja mtu mzima walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Twende bara: mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, na chanzo kilikuwa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Na kwinini je? Inatoka kwenye gamba la mti, mti ambao Wajerumani waliupanda Amani, kwenye milima ya Usambara. Aliyewahi kuimeza anakumbuka masikio yalivyomvuma siku nzima. Kwinini imeokoa watu wasiohesabika, na hayo masikio yanavuma kwa sababu ileile inayoifanya iponye: ina nguvu mwilini. Kitu chenye nguvu ya kuubadilisha mwili kina nguvu ya kuuharibu. Cha kuuliza ni kiasi gani, kwa nani, na kwa siku ngapi.

Nisieleweke vibaya kwamba nawarushia mawe waganga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mitishamba yake, na sijawahi kumsikia hata siku moja akisema haina madhara. Kila mzizi ulikuja na masharti. Huu asipewe mwenye mimba. Huu usizidishe siku tatu. Huu ukishaunywa, unywe na uji. Sanamaki aliitoa kwa kijiko, tena kwa mtu aliyefunga choo, na alimkaripia anayeirudia kesho yake. Tiba ya asili ya kweli ina miiko, na mwiko ni nini kama si orodha ya madhara iliyohifadhiwa kichwani badala ya kwenye karatasi? Huyu wa kwenye simu amechukua jina la tiba asili akaiacha miiko yake nyumbani. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, nayo ina baraza lake, na tabibu anayejiheshimu anakuja na jina lake na mahali anapopatikana. Muuzaji wa kikopo anakuja na namba ya simu ambayo wiki ijayo haipatikani.

Sasa nikupeleke Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, maana kisa hiki kingejulikana kwetu nusu ya vikopo hivi vingedoda. Mwaka 1992 madaktari wa figo mjini humo waliona jambo lisilo la kawaida: wanawake ambao hawajafika hata miaka 50, figo zao zinakufa kwa kasi. Walipochimba wakakuta wote wamepitia kliniki moja ya kupunguza uzito. Kliniki hiyo ilikuwa imefanya kazi kwa miaka mingi bila msiba wa namna hiyo, lakini mwaka 1990 ilibadili mchanganyiko wake na kuongeza unga wa mitishamba miwili ya Kichina. Mmoja ulipaswa kuwa mmea ambao Wachina huuita fang ji. Uliotiwa kwenye kapsuli ulikuwa guang fang ji. Majina yanakaribiana, mimea haina undugu. Huu wa pili ni wa jamii ya Aristolochia, na una asidi inayoua figo taratibu bila maumivu ya kukushtua.

Waliodhurika walipita 100. Wengi waliishia kwenye mashine za kusafisha damu au kupandikizwa figo za watu wengine. Halafu likaja la pili. Baadhi yao walikubali kuondolewa figo zao zilizokwisha kufa pamoja na mirija yake, ili kujikinga, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000: kati ya wagonjwa 39, 18 walikutwa na saratani kwenye njia ya mkojo. Leo asidi hiyo imo kwenye orodha ya vitu ambavyo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa linavitambua kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu, bila kusitasita.

Hapo hapakuwa na kiwanda cha uchochoroni. Ilikuwa Ulaya, kliniki yenye madaktari, na mmea halisi uliotoka ardhini. Jani lilikuwa jani kweli. Kilichokosewa ni jina tu. Sasa wewe umenunua kikopo ambacho jina la jani halijaandikwa kabisa.

Lakini huenda ndani ya kikopo chako hamna hata jani. Kuna dawa iitwayo sibutramini. Ilikuwa dawa halali, iliruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa jina la Meridia, na Ulaya iliuzwa kama Reductil. Inafanya kazi ubongoni, inakata hamu ya kula. Ikafanyiwa utafiti mkubwa kwa watu karibu 10,000 wenye uzito mkubwa na maradhi ya moyo au kisukari, ikaonekana kwamba wanaoitumia wanapata zaidi shambulio la moyo na kiharusi. Mwaka 2010 ikaondolewa Ulaya na Marekani. Ilizikwa kwenye maduka ya dawa ikafufukia kwenye vikopo vya "asili". Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia onyo baada ya onyo la mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani kuanzia 2007 hadi 2016. Zilikuwamo bidhaa 776 za virutubisho zilizokutwa na dawa zisizotajwa kwenye lebo. Za kupunguza uzito zilikuwa 317, na katika hizo 269 zilikuwa na sibutramini.

Dalili za sibutramini zinafahamika: mdomo kukauka, usingizi kukimbia, moyo kwenda mbio, presha kupanda. Sisemi kwamba ndiyo iliyokuwa kwenye kikopo cha shoga yangu. Kikopo hakikupimwa, nami si maabara. Nasema hivi: kidonge cha "majani" kinapokata njaa tangu siku ya kwanza, watu hupiga vigelegele na kumwita wakala aongeze kikopo kingine. Hapo ndipo pa kuogopa. Majani yasiyo na kazi yatakula pesa yako tu. Majani yanayofanya kazi kama dawa ya dukani, yamkini ni dawa ya dukani, tena ile iliyofukuzwa.

Chai za kukata tumbo sitazikalia muda mrefu. Nyingi zina sanamaki, ileile ya bibi. Sanamaki inakurupusha utumbo mpana, wakati nguvu ya ugali na chipsi imeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Mizani inashuka kwa sababu umemwaga maji, na inapanda ukinywa. Unachopoteza zaidi ni chumvichumvi ya potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Wanaosema "sumu zinatoka" waulizwe ni sumu gani, waitaje jina.

Msomaji atanijibu: hata vidonge vya hospitali vina madhara, tena karatasi yake ni ndefu kama orodha ya wageni wa harusi. Ni kweli, na ndiyo maana naviamini zaidi. Orlistati, kwa mfano, inazuia karibu theluthi moja ya mafuta uliyoyala yasiingie mwilini, na karatasi yake inakwambia waziwazi kwamba mafuta hayo yatatokea njia nyingine, mara nyingine bila kupiga hodi, na kwamba vitamini A, D, E na K zinaweza kupungua. Semaglutidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Ozempic na ambayo wengi huitumia kwa sindano, ilipimwa kwa watu 1,961 kwa wiki 68. Waliopewa dawa walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao, waliopewa sindano isiyo na kitu asilimia 2.4. Wengi walipata kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, thuluthi mbili za uzito uliopotea zilikuwa zimerudi. Yote hayo yameandikwa, mazuri na mabaya, kwa sababu kuna watu waliopimwa wakahesabiwa. Karatasi ndefu ni daftari la hesabu hiyo. Neno "haina madhara" maana yake hakuna aliyehesabu.

Na kwa wapenda asili, nina habari. Ukoo wa sindano hizo una asili ya kutosha: daktari wa New York aitwaye John Eng alikuta kwenye sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani, wanayemwita Gila, kitu kinachofanana na homoni ya utumbo wa binadamu. Hiyo ilikuwa 1992. Dawa ya kwanza iliyotokana na ugunduzi huo iliruhusiwa mwaka 2005. Miaka 13 ilipita kati ya mjusi na sindano. Wakala wako alitumia siku ngapi?

Sizisifu sindano kama jibu la kila mwenye kitambi. Ni za mtu ambaye daktari amempima akaona unene wake umekuwa ugonjwa, na umaarufu wake umezaa bandia: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi feki zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ninachosema ni kwamba faida na hasara huwezi kuzipima kwenye kitu ambacho hukijui.

Kuna jambo jingine linalouza vikopo hivi, nalo ni ulimi wetu. Mwili wa mtu tunauita "nyama uzembe". Kwenye vikao vya harusi tunataniana mbele za watu kuhusu nani hatoingia kwenye gauni. Tukishamwaibisha mtu hivyo, atakwenda kununua kwa siri, atameza kwa siri, na akiugua ataficha. Shangazi na mashoga tunaocheka kwenye vikao hivyo ni mawakala tusiolipwa kamisheni, na mimi nilikuwamo kwenye kikao kile.

Kikopo nilikitoa mimi mkobani usiku ule. Daktari alikigeuza mara tatu: picha ya jani la kijani, maneno "asilimia 100 asili", hakuna vilivyomo, hakuna mtengenezaji, hakuna namba ya usajili. Akamwambia aache. Siku ya nne moyo ukatulia, njaa ikarudi, fundi akafumua mishono ya pembeni, na mama wa bibi harusi alicheza mpaka alfajiri.

Kama nawe una kikopo cha namna hiyo kabatini, acha kukimeza leo. Na siku yoyote utakayoulizwa hospitalini unatumia dawa gani, kitaje. Ukiweza, nenda nacho, daktari akione.